Buldoza la Mtumba na Udongo wa Kongwa

Huenda hakuna mahali Afrika Mashariki ambako ununuzi wa mitambo iliyokwishatumika uliwahi kufundisha kwa gharama kubwa kama Kongwa, katika nyika ya Ugogo, kati ya mwaka 1947 na 1951. Serikali ya Uingereza, ambayo baada ya Vita vya Pili vya Dunia ilikabiliwa na uhaba mkubwa wa mafuta ya kula, ilikubali wazo la Frank Samuel, kiongozi wa kampuni ya United Africa Company, la kulima karanga kwa mashine katika maeneo iliyoyatawala, na ujumbe wa watu watatu ulioongozwa na John Wakefield, aliyewahi kuwa mkurugenzi wa kilimo wa Tanganyika, ukapendekeza kusafishwa kwa zaidi ya eka milioni 3, nyingi zikiwa Tanganyika na nyingine Kenya na Rhodesia ya Kaskazini, ambayo sasa ni Zambia. Mradi huo, uliojulikana kama Skimu ya Karanga, ulifutwa mwanzoni mwa 1951 baada ya kumeza takriban pauni milioni 36, na tangu hapo umekuwa ukisimuliwa kama kisa cha siasa na hesabu mbaya. Hata hivyo kumbukumbu za waliokuwapo, hasa kitabu alichokichapisha mwaka 1950 Alan Wood, mwandishi wa habari mzaliwa wa Australia aliyeongoza idara ya habari ya shirika lililosimamia mradi, zimehifadhi pia kisa cha mitambo yenyewe: matrekta yaliyonunuliwa yakiwa yamekwisha kuchoka, yakapelekwa kwenye ardhi iliyokuwa imekaguliwa kwa wiki chache tu, na sehemu ya ukaguzi huo ikiwa imefanywa kutoka angani.

Kwa mtu ambaye leo anataka buldoza la mtumba, yaani trekta zito linalotembea kwa cheni za chuma na kusukuma kwa bledi iliyofungwa mbele, ambalo mitaani huitwa pia katapila au tingatinga, kumbukumbu hizo zina manufaa kuliko vijitabu vingi vya wauzaji. Zinaonyesha kwamba ununuzi wa mtumba wenyewe haukuwa kosa, kwa kuwa mwaka 1947 matrekta mapya hayakupatikana kwa urahisi popote; nchi nyingi zilizobomolewa na vita ziliyahitaji kwa wakati mmoja, na viwanda vya Marekani havikuweza kuzitosheleza. Kosa lilikuwa katika mpangilio wa maamuzi. Mtambo ulichaguliwa kwanza, udongo ukafahamika baadaye, na karakana ikaja mwisho, ilhali mnunuzi mwenye busara hupita njia hiyo kinyumenyume.

Mitambo mingi ya mwanzo ilitoka katika masalia ya jeshi, yaani vifaa ambavyo majeshi yaliyoshinda yaliviacha yalikopigana kwa sababu kuvirudisha nyumbani kungegharimu kuliko thamani yake, na sehemu kubwa ilipatikana Ufilipino. Historia ya namna hiyo inapaswa kumfanya mnunuzi yeyote awe mwangalifu. Trekta la jeshi hutumiwa na watu wanaoshindana na muda, ambao hawatarajii kulirithisha kwa mtu, na vita vinapokwisha hukaa uwanjani likinyeshewa huku vipande vyake vizuri vikichomolewa ili kutengeneza jingine. Tena kukaa bure si kupumzika: sili za mpira hukauka na kupasuka, maji hupenya ndani ya gia, kutu hula sehemu laini za vyuma ambazo zilipaswa kulindwa na oili, na panya hutafuna waya. Buldoza lililofanya kazi kila siku na kupigwa grisi kila asubuhi mara nyingi ni salama kuliko lile linalosifiwa kwamba limelala miaka mitano bila kuguswa. Kongwa, kufikia robo ya tatu ya mwaka 1947, takriban theluthi mbili ya matrekta yaliyofikishwa yalikuwa hayafanyi kazi, na mwaka huo ambao ulipangiwa eka 150,000 ulitoa eka 7,500 hivi. Kwa haki, mitambo haikustahili kubeba lawama zote, kwani bandari ya Dar es Salaam ilikuwa imefurika mizigo na reli ya kwenda bara ilikatwa na mafuriko. Lakini trekta bovu halingeliwahi msimu hata kama lingefika mapema.

Jambo lililowashangaza zaidi wageni lilikuwa ardhi. Kongwa ilionekana nyepesi kwa mtu anayeitazama kutoka kwenye ndege: vichaka, mibuyu iliyosimama mbalimbali, udongo mwekundu. Walipoingia ndani waligundua kwamba kichaka kile kilikuwa kizito kiasi cha kumzuia mtu kupita, kwamba mizizi yake ilibaki ardhini na kushika majembe hata baada ya shina kuangushwa, na kwamba udongo wenye mfinyanzi uligeuka mgumu kama tofali lililochomwa pindi mvua zilipokoma. Ndani ya udongo huo mlikuwa na chembe za kwatzi, ambayo ni madini magumu kuliko chuma cha kawaida, hivyo kila kilichokuwa kikigusa ardhi kililiwa: majembe, visu vya kukatia mizizi, na cheni za matrekta. Wagogo walioishi pale na kufuga ng'ombe na kulima uwele kwa kufuata mvua walikuwa wakizijua tabia za nchi hiyo, na inashangaza jinsi kumbukumbu za mradi zinavyowataja mara nyingi zaidi kama vibarua kuliko kama watu wa kuulizwa.

Hapo ndipo panapoeleweka kwa nini mafundi wa leo huanza ukaguzi wao chini, wakiwa wamechuchumaa, kabla hata ya kuomba funguo. Sehemu ya chini ya buldoza, ambayo kwenye karakana huitwa andakareji, ni mkusanyiko wa cheni, mabati yanayokanyaga ardhi, rola zinazobeba uzito, gurudumu la mbele linaloiongoza cheni, ambalo ni aidla, na gurudumu la meno la nyuma linaloivuta, ambalo ni sproketi. Wataalamu wa mitambo hukadiria kwamba karibu nusu ya gharama zote za matengenezo katika maisha ya buldoza huishia hapo, na kwa sababu hiyo injini nzuri juu ya andakareji iliyokwisha ni mtego unaowanasa wanunuzi wa mara ya kwanza, ambao husikiliza mngurumo na kusahau kuinama.

Kila kiungo cha cheni hushikana na mwenzake kwa pini inayopita ndani ya bushi, yaani bomba fupi la chuma kigumu ambalo meno ya sproketi hulishika. Mchanga unapoingia katikati, pini na bushi husagana na cheni hurefuka taratibu, ingawa hakuna kiungo kilichovutika. Urefu unaoonekana ni jumla ya nafasi ndogondogo zilizolika katika kila ungio. Fundi huukaza mnyororo huo, akapima kwa rula ya chuma umbali wa viungo kadhaa mfululizo, kisha akaulinganisha na jedwali la mtengenezaji linaloonyesha asilimia iliyobaki. Mnunuzi asiye na jedwali anaweza bado kusoma mengi kwa macho. Meno ya sproketi yaliyochongoka, bushi zilizolika upande mmoja, rola zenye kingo nyembamba au zinazovuja oili, na mabati ambayo mbavu zake zimelika hadi kukaribia usawa wa bati ni dalili zisizohitaji kipimo. Katika cheni za aina ya zamani, zisizotiwa oili ndani, bushi zinaweza kugeuzwa mara moja ili upande usiolika uchukue kazi, na ni lazima kuuliza kama jambo hilo limekwisha kufanyika, kwa kuwa mara ya pili haipo. Ulikaji usiolingana kati ya kushoto na kulia husimulia jinsi dereva aliyetangulia alivyofanya kazi: huenda alizoea kugeukia upande mmoja, au alikaa miezi akifanya kazi kwenye mteremko. Bushi zilizolika kupita kiasi huashiria dereva aliyependa kurudi nyuma kwa kasi, kwa sababu kurudi nyuma huzisugua zaidi kuliko kwenda mbele. Ni kweli kwamba cheni mpya hununulika. Lakini bei yake, pamoja na rola na sproketi ambazo hazipaswi kuachwa za zamani zikala cheni mpya, inaweza kukaribia thamani ya mtumba mzima, na mnunuzi aliyelifahamu hilo kabla ya kutaja bei yuko katika nafasi tofauti kabisa na aliyelifahamu baadaye.

Udongo unaosubiri buldoza una uzito uleule katika uamuzi. Andakareji iliyobakiwa na nusu ya maisha inaweza kutumika miaka kadhaa kwenye udongo mweusi laini wa mbugani, na ikamalizika haraka kwenye mchanga mkali na changarawe. Kwenye ardhi ya majimaji hutakiwa mabati mapana yanayosambaza uzito ili mtambo usizame, lakini mabati hayohayo, yakipelekwa kwenye mawe na visiki, hupinda na kulegeza boliti zake. Hakuna katapila linalofaa kila mahali, na muuzaji anayedai hivyo hajui anachouza au anajua vizuri mno.

Suala la kazi yenyewe lilisumbua Kongwa kwa namna ambayo bado inajirudia. Kusafisha pori na kuhamisha udongo ni kazi mbili tofauti hata kama mtambo ni mmoja. Bledi ya kawaida, iliyonyooka na isiyo na mapengo, imekusudiwa kusukuma udongo kwa ajili ya barabara, bwawa au uwanja. Ikitumiwa kung'oa vichaka hukusanya pamoja na miti ule udongo wa juu wenye rutuba, ukalundikwa pembezoni kwenye marundo marefu ambako hautamsaidia mkulima. Kwa pori hutumiwa reki, yaani bledi yenye meno yaliyoachana ambayo hushika visiki na mizizi na kuruhusu udongo kupita, au bledi yenye ncha kali ya pembeni inayokata shina usawa wa ardhi. Kwa hiyo mnunuzi wa shamba anayekuta buldoza limetoka kwenye mgodi au kampuni ya barabara anapaswa kuhesabu gharama ya kifaa cha mbele, na kuhakikisha kwamba mikono na pini za kufungia zinakubali kifaa hicho. Mabuldoza mengi ya miaka ya vita yalikuwa na jambo jingine la ziada: bledi zake ziliinuliwa kwa kamba ya chuma kutoka kwenye winchi, hivyo zilishuka kwa uzito wake tu bila nguvu ya kuzikandamiza chini, na juu ya ardhi iliyokaushwa na jua zingeweza kuteleza bila kung'ata. Haidroliki, yaani nguvu ya mafuta yanayosukumwa na pampu, ndiyo iliyoondoa udhaifu huo, na ni sababu tosha ya kutodanganyika na bei ya trekta la kizazi cha kamba hata kama injini yake bado inaunguruma.

Njia iliyofanikiwa zaidi Kongwa ilikuwa ya kufunga cheni ya nanga ya meli kati ya matrekta mawili makubwa yaliyokwenda sambamba na kuivuta juu ya vichaka, na njia hiyo bado hutumika katika nchi nyingi zenye nyika. Inahitaji mitambo miwili inayolingana kwa nguvu, maana mmoja ukilegea mwingine huvutwa upande. Kinyume chake kilikuwa jaribio la kiwanda cha Vickers-Armstrongs cha kuvigeuza vifaru vya kivita vya Sherman kuwa matrekta yaliyoitwa Shervick, jaribio ambalo kwenye karatasi lilivutia, kwa kuwa vifaru vilikuwa vingi na havina kazi. Kifaru hubuniwa kukimbia na kubeba silaha. Trekta hubuniwa kuvuta na kusukuma polepole kutwa nzima likiwa limelemewa. Shervick hazikuukomboa mradi. Mwenye kushawishika kununua mtambo uliobadilishwa kazi na fundi hodari wa mtaani anaweza kuzikumbuka.

Kuhusu injini maneno machache yanatosha, kwa kuwa ndiyo sehemu ambayo kila mtu huikagua. Inafaa iwashwe ikiwa ya baridi, na mkaguzi aishike kwa mkono kabla ya kuwashwa, maana muuzaji anayeipasha moto mapema ana jambo analolificha. Moshi wa buluu huonyesha kwamba oili inaungua, moshi mweupe usiokoma huonyesha maji au dizeli isiyoungua, na moshi mweusi usiotoweka baada ya injini kushika joto huonyesha hitilafu ya dizeli au hewa. Kifuniko cha kujazia oili kikifunguliwa huku injini inanguruma na hewa ikatoka kwa kishindo, ringi na silinda zimelika. Zaidi ya hapo, ukaguzi wenye tija ni wa gia za mwisho, ambazo mafundi huziita fainali, zilizo ndani ya kila sproketi na ambazo hupokea nguvu yote ya mtambo. Oili yake inapaswa kuchotwa: ikiwa nyeupe kama maziwa maji yameingia, na ikiwa na vipande vya chuma kwenye sumaku ya kizibo mnunuzi anaangalia matengenezo makubwa. Baada ya hapo buldoza lisukume kilima cha udongo kwa gia ya kwanza mpaka liteleze kwenye cheni. Likisimama huku injini inaendelea kuzunguka bila kulemewa, klachi au gia boksi imechoka. Ligeuzwe kushoto na kulia, liinuliwe pua yake kwa bledi, kisha injini izimwe na bledi itazamwe kama inashuka yenyewe. Majaribio hayo huchukua nusu saa, na hakuna sababu ya haki ya kuyakataa.

Mita ya saa za kazi haiaminiki kama majaribio hayo. Hubadilishwa kwa dakika chache, na katika minada mikubwa ya mitumba, kama ile ya Jebel Ali huko Dubai ambako mabuldoza mengi yanayoingia Afrika hupita, mtambo wa saa 6,000 unaweza kusimama karibu na mwingine wa saa 16,000 yote miwili ikiwa imepakwa rangi ileile ya njano. Kanyagio lililolika hadi chuma, kiti kilichobonyea, pini za bledi zilizolegea na alama za kuchomelea kwenye fremu husema ukweli zaidi. Rangi mpya juu ya fremu inastahili kukwanguliwa kidogo mahali ambapo mikono ya bledi inaungana na mwili, kwa kuwa hapo ndipo nyufa huanza. Bamba la namba ya mtambo lisomwe na kulinganishwa na namba iliyogongwa kwenye fremu na injini. Namba isiyosomeka humnyima mnunuzi kitu kimoja ambacho bila hicho hawezi kuagiza kipuri sahihi.

Na uhaba wa vipuri sahihi nao uliisumbua Kongwa. Matrekta yaliyokusanywa kutoka sehemu mbalimbali yalikuwa ya aina na umri tofauti, kiasi kwamba ghala lingeweza kujaa vifaa na bado fundi akakosa kile kimoja anachokihitaji. Madereva wengi walikuwa wamefunzwa kwa haraka, na mafundi wazoefu walikuwa wachache mno ukilinganisha na mitambo iliyosimama. Mnunuzi wa leo ana urahisi wa simu na ndege ambao wao hawakuwa nao, lakini kanuni ya hesabu haijabadilika: thamani ya buldoza mahali fulani hutegemea umbali kati yake na pini yake ya akiba. Ndiyo maana mwenye shamba Nachingwea au Urambo, akiwa na uchaguzi kati ya mtambo adimu wa bei ya kutupa na mwingine wa Caterpillar au Komatsu wa modeli inayojulikana na mafundi wa mkoa, ambao bei yake ni kubwa kwa theluthi, kwa kawaida atafanya vizuri kuchukua wa pili. Kununua mabuldoza mawili ya modeli moja, hata kama la pili ni la kuchinjwa kwa ajili ya vipuri, kuna mantiki kubwa kuliko kununua mawili mazuri yasiyofanana.

Linabaki jambo la mtu anayekaa juu. Mibuyu ya Kongwa ilikuwa na mashimo ambamo nyuki walijenga, na trekta lilipoisukuma waliwashukia madereva waliokaa bila kinga yoyote. Kisa hicho husimuliwa kwa kicheko, ingawa hakikuwa cha kuchekesha kwa aliyeumwa. Katika pori hatari hutoka juu: tawi lililokauka, mti unaorudi nyuma, mzinga. Buldoza la kusafisha pori linahitaji kibanda cha chuma kinachohimili kupinduka na kuangukiwa, wavu nyuma na pembeni, bati la kulinda rejeta na bati la tumbo linalozuia visiki kupasua tangi la oili. Mtambo uliotoka kwenye kazi ya barabara huenda hauna hata kimoja, na gharama za kuviongeza ni sehemu ya bei.

Vivyo hivyo usafiri. Buldoza la kati lina uzito wa tani 18 hadi 20 hivi na lile kubwa la kuvuta cheni ya nanga linaweza kufikia tani 37 au zaidi, hivyo haliendi popote isipokuwa juu ya lobedi, yaani tela la chini la kubebea mitambo, tena kwenye madaraja yanayostahimili uzito huo. Skimu ya Karanga ililazimika kujenga tawi la reli kutoka Msagali hadi Kongwa, na kusini ikajenga bandari ya Mtwara pamoja na reli ya kwenda Nachingwea ambayo haikudumu sana, mambo ambayo mpango wa awali ulikuwa umeyahesabu kwa wepesi. Mwenye shamba la eka 200 hatajenga reli, lakini anaweza kukuta kwamba kukodi buldoza kwa saa kutoka kwa mkandarasi aliye karibu, msimu mmoja wa kiangazi, ni nafuu kuliko kulinunua la mtumba, kulisafirisha, kulifunga reki na kibanda, na kisha kulitafutia kazi baada ya kisiki cha mwisho kung'oka.